Mtakatifu George na Joka: Tushike Nini, Tuache Nini?

Masomo: Ufunuo 12:7–12, Waefeso 6:10–18

Kila mwaka tarehe 23 Aprili kalenda ya Kitabu cha Sala humtaja Mtakatifu George, mfia dini. Siku hiyo hupita kimya katika mitaa yetu mingi ya Karagwe na Kyerwa. Ni majira ya mvua na palizi, na mara nyingi Pasaka imetoka kupita au iko mlangoni. Hata hivyo jina lake limo katikati yetu. Akina Joji tunao katika kila mtaa, wazee kwa vijana, na picha yake wengi tumeiona: kijana juu ya farasi mweupe, mkuki mkononi, na chini ya kwato za farasi joka amefumbua kinywa.

Watoto wa darasa la Kipaimara wakiiona picha hiyo huuliza swali moja tu: "Je, ni kweli?" Watu wazima huwajibu kwa njia mbili, na zote mbili zina hasara. Wa kwanza husema, "Ndiyo, ni kweli yote." Mtoto akifika sekondari na kujifunza kwamba majoka ya namna ile hayapo, atadhani kwamba hata habari ya kufufuka kwa Bwana ni ya aina hiyo hiyo. Wa pili husema, "Hizo ni hekaya, achana nazo." Naye mtoto hutupa makapi pamoja na punje. Mama anayetayarisha mtama hafanyi lolote kati ya hayo mawili. Huchukua ungo, akapepeta. Basi na sisi, ndugu msomaji, tuchukue ungo tupepete.

YALIYO MAZITO

Mwaka 303 Kaisari Diocletian, aliyetawala Dola ya Kirumi, alitoa amri dhidi ya Wakristo. Makanisa yabomolewe, Maandiko Matakatifu yachomwe moto, na wenye vyeo waliomkiri Kristo wavuliwe vyeo vyao. Amri ilibandikwa hadharani katika mji wa Nikomedia, mahali Kaisari alipokaa. Eusebius, mwandishi wa historia ya Kanisa aliyeishi siku zile zile, anaeleza kwamba mtu mmoja mwenye heshima aliichana amri ile mbele ya watu, akauawa kwa ajili hiyo. Eusebius hakumtaja jina. Baadaye wako waliosema mtu huyo ndiye George, lakini hilo ni dhana yao.

Mapokeo ya Kanisa husema George alikuwa askari wa Kirumi, mwenye asili ya Kapadokia, na kwamba aliuawa kwa ajili ya imani katika Palestina. Kaburi lake liliheshimiwa tangu zamani katika mji wa Lida. Wasomaji wa Biblia mnaujua mji huo: ndiko Petro alikomponya Ainea aliyelala kitandani miaka minane (Matendo 9:32–35). Katika karne ya sita wasafiri wa Kikristo walikuwa tayari wanakwenda huko kumkumbuka.

Punje zetu ni hizo: jina, kazi ya uaskari, mahali pa kaburi, na kifo kwa ajili ya Kristo. Ni chache, lakini ni nzito.

Tena si jambo geni kwamba askari afe hivyo. Jeshini lilikuwapo sharti la kutoa sadaka kwa miungu na kumheshimu Kaisari kwa namna impasayo Mungu peke yake. Huku kwetu Afrika, upande wa kaskazini, kijana Maximilian wa Tebessa, mwenye umri wa miaka 21, alikataa kuandikishwa jeshini mwaka 295, akauawa. Mwaka 298 Marcellus, akida wa askari mia, alivua mkanda wake wa kijeshi akautupa chini mbele ya bendera za kikosi, akakiri kwamba Bwana wake ni Kristo. Naye aliuawa huko Tingis, mji uitwao leo Tangier, nchini Moroko. Habari za mashauri yao zimehifadhiwa mpaka leo. Kwa hiyo tukisema kwamba George askari aliuawa kwa kukiri imani, tunasema jambo ambalo wakati ule lilitokea kweli.

HADITHI ILIVYOONGEZEKA

Watu wakimpenda mtu husimulia, na kila msimulizi huongeza chumvi. Muda si mrefu zilikuwapo hadithi kwamba George aliteswa miaka saba, akafa mara tatu na kufufuka kila mara. Kanisa lenyewe halikuyapokea hayo bila kupima. Iko hati ya kale inayohusishwa na jina la Papa Gelasius, wa mwisho wa karne ya tano, ambayo inaiweka habari ya mateso ya George miongoni mwa maandiko yasiyokubaliwa. Angalieni jambo hili: waliomheshimu shahidi ndio waliopepeta hadithi zake. Kupepeta basi si ukosefu wa imani.

Joka alikuja baadaye sana, miaka mamia baada ya George kufa. Aliyeieneza hadithi hiyo kuliko wote ni Jacobus de Voragine, mtawa wa Italia wa karne ya 13, katika kitabu chake cha maisha ya watakatifu. Anasimulia hivi kwa kifupi.

Karibu na mji wa Silene, katika Libya, palikuwa na ziwa, na ndani yake aliishi joka ambaye pumzi yake ilileta tauni. Wenyeji, ili asiukaribie mji, walimpa kondoo wawili kila siku. Kondoo walipopungua wakampa kondoo mmoja na mtu mmoja. Wakaanza kupiga kura juu ya watoto wao. Siku moja kura ikamwangukia binti wa mfalme. Mfalme akalia, akatoa dhahabu na fedha ili binti yake aachwe. Watu wakakasirika, maana amri ilikuwa yake mwenyewe, na watoto wao walikuwa wamekwisha kuliwa. Binti akapelekwa. George akapita njia ile, akafanya ishara ya msalaba, akamjeruhi joka kwa mkuki. Kisha akamwambia binti amfunge joka shingoni kwa mshipi wake, naye joka akamfuata hadi mjini kama mnyama wa kufugwa. Wenyeji walipobatizwa, George akamwua joka. Mfalme akampa mali nyingi. George akaagiza wapewe maskini.

Hiyo ndiyo hadithi. Joka wa namna hiyo hakuwapo. Lakini msikimbilie kuitupa, tutairudia.

HESHIMA ALIZOPEWA

Kwa kuwa bendera ya Uingereza ina msalaba wake mwekundu, na bendera hiyo ilipepea juu ya Tanganyika hadi Desemba 1961, wako wanaodhani George ni mtakatifu wa Wazungu. Sivyo. Uingereza hakufika. Alipata heshima huko zaidi katika siku za vita vya msalaba, na katika karne ya 14 mfalme Edward III akamweka kuwa msimamizi wa chama chake cha mashujaa. Huko Palestina, nchi ya kaburi lake, Wakristo humheshimu mpaka leo, na hata Waislamu wengi pamoja nao.

Na huku Afrika Mashariki, ndugu zetu wa Ethiopia walimheshimu kabla Mwingereza yeyote hajafika kwetu kuhubiri. Huko Lalibela liko kanisa liitwalo Bete Giyorgis, yaani Nyumba ya George. Halikujengwa kwa mawe juu ya mawe. Lilichongwa katika mwamba mmoja, mafundi wakishuka chini kama wachimbaji wa kisima, kina cha mita kama 12, na umbo lake ni msalaba. Waethiopia humkumbuka George siku ya 23 ya kila mwezi wa kalenda yao. Siku kama hiyo, tarehe 1 Machi 1896 kwa kalenda yetu, jeshi la Mfalme Menelik liliwashinda Waitalia huko Adwa, na makasisi walikuwapo vitani wamechukua tabot, yaani mfano wa Sanduku la Agano, ya Mtakatifu George. Kanisa kuu la Mtakatifu George mjini Addis Ababa lilijengwa kwa ukumbusho wa ushindi huo.

Tumwangalie sasa askari huyu: Waingereza walimbeba, Waethiopia walimbeba, na mataifa mengine mengi. Kila jeshi lilimwona yuko upande wake, na joka kila mara alikuwa upande wa pili. Hapo ndipo pa kuogopa.

JE, TUMWOMBE?

Kabla ya kuendelea, niseme jambo moja kwa wale wanaouliza. Katika Vifungu 39 vya dini yetu, kifungu cha 22 kinakataa desturi ya kuwaomba watakatifu, kwa kuwa haina msingi katika Maandiko. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao, twafuata mfano wao, lakini Mwombezi wetu mmoja ni Yesu Kristo. Tusiwadharau jirani zetu wa makanisa mengine wanaofanya vingine. Wala tusiende upande wa pili, tukawasahau mashahidi kana kwamba Kanisa lilianza siku tuliyookoka sisi. Mwandishi wa Waebrania, baada ya kuwataja mashujaa wa imani katika sura ya 11, atuambia katika sura ya 12 kwamba wametuzunguka kama wingu, na hapo hapo atuagiza kumtazama Yesu. Yote mawili yamo.

JOKA NI NANI?

Biblia inaye joka, na imemtaja kwa jina. Katika Ufunuo 12 ni yule nyoka wa zamani, Ibilisi, mwenye kuudanganya ulimwengu wote. Na Mtume Paulo katika Waefeso 6 ameweka mpaka: vita vyetu si juu ya watu wenye mwili na damu. Mtu aweza kumtumikia joka. Mtu mwenyewe si joka.

Sisi wa kandokando ya Mto Kagera tunapaswa kulijua fundisho hili kuliko wengi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini kwetu, yakaishika nchi iliyo kaskazini ya mto. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Redioni adui aliitwa nduli, na matendo yake yalistahili jina hilo. Taifa lilipigana, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Askari wetu waliolala katika makaburi ya mashujaa huko Kaboya wanastahili shukrani yetu. Lakini wazee wa Murongo na Kaisho wanajua kwamba ng'ambo ya mpaka walikuwako shemeji zao na wakwe zao, wenye lugha inayokaribiana na Kinyambo, nao pia waliteswa na mtawala yule yule. Je, hao nao walikuwa majoka?

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika nchi jirani ya Rwanda watu walifundishwa, hata kwa redio, kuwaita jirani zao mende na nyoka. Mtu akisha kuitwa nyoka, mkono wa kumpiga huwa mwepesi. Wengi wa waliopiga walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliouawa waliuawa ndani ya makanisa. Mto wetu huu ulichukua maiti hadi Ziwa Victoria, na watu wa Uganda waliziopoa na kuzizika huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Wakimbizi wakajaa Ngara na Karagwe hata mwisho wa mwaka 1996. Wapo kati yenu waliochota maji katika mto ule kabla ya siku hizo, na baada yake hawakuweza kunywa.

Ndugu zangu, hilo ndilo tunda la kumvika mwanadamu ngozi ya joka. Kwa hiyo tukiwaonyesha watoto picha ya George, tuwaambie waziwazi: joka huyu si Mganda, si Mnyarwanda, si mhamiaji mwenye ng'ombe, si mtu wa kanisa jingine, wala bibi kizee mwenye macho mekundu anayeshukiwa uchawi. Ukimkuta mtu anakuonyesha binadamu na kukuambia "huyo ndiye joka," ujue joka mwenyewe amesimama nyuma ya msemaji.

MJI ULIOMLISHA JOKA

Sasa tuirudie hadithi ya Silene, maana imebeba hekima. Joka hakuuteka mji ule kwa nguvu. Mji ulimlisha. Walianza na kondoo, wakaona si hasara kubwa. Kisha mtoto wa fulani. Kura ilipowaangukia watoto wa wengine, kila mwenye mtoto alifunga mlango wake akashukuru. Hata mfalme aliyeitoa amri hakulia mpaka kura ilipoingia nyumbani mwake.

Je, mitaa yetu haina desturi kama hiyo? Mume amefariki. Matanga hayajaisha, watu wa ukoo wamekwisha kaa kikao. Kibanja, migomba na mibuni aliyoipanda na kuipalilia mama yule miaka 20, vyote vinagawanywa, naye anaambiwa arudi kwao. Jirani wanajua. Mzee wa kanisa anajua. Walioona mipaka ikipandwa wangali hai. Lakini baraza la ardhi linapouliza, "Nani shahidi?" kila mtu anatazama chini. "Ni mambo ya ukoo," tunasema. "Nitaishi nao vipi?"

Sheria haituzuii kusema. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoani kwetu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Mwanza aliamua kwamba mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawasawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazitangua mila zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi. Sheria ipo. Anayekosekana ni shahidi.

Nawaomba mlitazame neno hilo. Katika Kiswahili chetu, mtu anayesimama barazani kusema aliloliona huitwa shahidi, na mtu anayeuawa kwa ajili ya imani huitwa shahidi. Katika Kiyunani cha Agano Jipya ni hivyo hivyo: neno ni moja. Haikutokea kwa bahati. George hakuanza ushahidi wake siku ya kufa. Alianza siku alipokataa kunyamaza.

Tena Ufunuo 12, mstari wa 11, watuonyesha ni kwa silaha gani joka alishindwa. Hautaji mkuki. Wataja damu ya Mwana-Kondoo, na neno la ushuhuda la watu ambao hawakuyapenda maisha yao hata kufa. Hapo hadithi na historia zinakutana. Mchoraji alimpa George mkuki, lakini katika habari ile ya kale George hakumwua mtu wala mnyama. Yeye ndiye aliyeuawa. Naye alishinda.

SHAHIDI WA SIKU ZETU

Kama mtu atasema hayo ni ya kale, na atazame kaskazini. Mwezi Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa letu la Kianglikana katika Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, pamoja na maaskofu wenzake, alimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji ya watu na uonevu wa askari. Alishtakiwa kwa uongo kwamba anaficha silaha. Tarehe 16 Februari alikamatwa Kampala, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Amezikwa kijijini kwao Mucwini. Hakuwa na farasi wala mkuki; alikuwa na barua na sahihi yake. Miaka miwili baadaye aliyemwua alikimbia nchi, na leo Uganda nzima hupumzika kila tarehe 16 Februari kumkumbuka askofu.

Basi, wapendwa, tushike nini, tuache nini?

Kwanza, tuache kuwadanganya watoto. Tuwaambie: shahidi ni wa kweli, joka wa pichani ni mfano. Mtoto anayeambiwa ukweli katika jambo dogo atatuamini katika jambo kubwa.

Pili, tuache kumwita mwanadamu joka, kwa kinywa chetu na kwa nyimbo zetu za kejeli, nyumbani, sokoni na siku za uchaguzi.

Tatu, tushike ushahidi. Kila mmoja ajiulize ni kondoo gani anayempelekea joka kila siku ili apate kulala kwa amani. Pengine ni sahihi aliyoiweka penye karatasi ya uongo. Pengine ni safari ya usiku kwa mganga. Pengine ni ule ukimya barazani, mjane alipotazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumtetea.

Akina Joji wetu, na wote mliobatizwa kwa jina lolote, mlitiwa alama ya msalaba ili mpigane kiume chini ya bendera ya Kristo. Mwaka huu, kabla ya tarehe 23 Aprili, liko baraza fulani katika kijiji chako litakaloketi. Nenda ukaseme uliloliona.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyempa mtumishi wako George neema ya kukukiri mbele ya wenye nguvu: utupe sisi ndimi za kweli na mioyo isiyotetemeka. Utuondolee chuki juu ya jirani zetu wa ng'ambo ya mto na wa ng'ambo ya ua. Uwatetee wajane na yatima wa nchi hii, na utufanye sisi kuwa mashahidi wao na mashahidi wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya na Umoja wa Mama:

1. Katika mtaa wetu, ni jambo gani baya tulilolizoea kama watu wa Silene walivyozoea kupiga kura?
2. Soma Ufunuo 12:11. Mkristo wa kawaida hutoaje ushuhuda bila kuwa mhubiri?
3. Mjane akija kwa wazee wa kanisa kuomba shahidi, tumefanya mpango gani wa kumsaidia?

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu